Bariyeri ya Mchanga

Wewe unayesoma, umewahi kumwona mtu anayefunga mzigo wa safari, na wenye safari walikwisha kumwondoa katika safari hiyo zamani, ila hakuna hata mmoja aliyepata kinywa cha kumwambia? Basi njoo Bihambwe, kule milimani juu ya Ziwa Kivu, kwenye nyumba ya mabati iliyo chini ya njia, umwone Mama Thacienne.

Mzigo wenyewe haukuwa mkubwa. Blanketi moja ya mistari ya bluu, imeanza kutoboka upande wa miguu. Kikwembe cha kubadili na kingine cha kufunga kichwani. Kipande cha sabuni. Fromaji, jibini za maziwa aliyokamua mwenyewe na kuzikanda kwa mikono yake, za mviringo, ngozi yake ya njano, kila moja imevingirishwa katika kitambaa safi ili isipasuke. Na viatu vya plastiki, kwa kuwa alisikia kwamba mchanga wa pembeni ya maji unaunguza miguu wakati wa mchana.

Mwaka ule njia ya kushuka Sake ilikuwa imepumua kidogo, bunduki zimetulia, na watu walianza tena kupanga mambo ya furaha. Théogène, mtoto wake wa pekee, alikuwa mpiga picha. Ndoa, ubatizo, komunyo ya kwanza, maiti kabla ya kufunikwa, wote walimwita yeye. Sasa Papa Habineza, mpiga picha mkubwa wa Goma, alimwalika aende pamoja na wenzake katika kisiwa kidogo cha Ziwa Kivu, upande wa Bweremana. Watalala mu hema, wataamka mapema, watapiga picha za ndege na za maji. Zile nzuri zaidi zitatundikwa ukutani huko Goma, wakubwa waje kuzitazama wakiwa na glasi mkononi.

Thacienne aliposikia habari ya kupiga kambi, alicheka mpaka akashika ubavu.

“Kambi? Siye tulilala mu kambi, chini ya shitingi za plastiki, mvua inatunyeshea, tunalia turudi kwetu. Leo mutu anatoka mu nyumba yake anaenda kulala mu kambi kwa kupenda?”

“Ile ilikuwa kambi ya vita, mama,” akasema Théogène. “Hii ni ya kupumzika.”

“Ah. Basi nitaenda nione kambi ya kupumzika iko namna gani.”

Hakuwa anajialika. Aparei ile ya kupigia picha ilinunuliwa kwa mtamba wake, Bihogo, mwekundu kama udongo wa njia, ambaye angekuwa sasa amezaa mara mbili. Siku Bihogo alipofungwa kamba na kupelekwa, Théogène alimshika mama yake mabega, akasema mbele ya majirani: “Safari ya kwanza itakayoniita, mama, nitaenda na wewe.” Thacienne hakuwa na desturi ya kudai. Lakini neno lililosemwa mbele ya majirani si maji ya kunawa, huwezi kulimwaga nyuma ya nyumba. Na ziwa lenyewe alikuwa akiliona kwa mbali tu, linang'aa kama sahani, kila aliposhuka na maziwa upande wa Mushaki. Hajawahi hata kulitia kidole.

Jumapili, wakitoka kwenye misa, walitandika mkeka uani na kupanga. Théogène alichora kisiwa katika vumbi kwa kijiti: kirefu, chembamba, kama ulimi wa ng'ombe. Huku mawimbi, huku maji matulivu, katikati mchanga na majani. Hapa hema. Hapa atasimama na aparei alfajiri, jua likitokea mgongoni mwa ndege. Thacienne alifuata kijiti kwa macho na kuuliza kila kitu. Kuni zitatoka wapi? Ndege wale wanaliwa? Mutu akitaka kwenda haja, anaenda nyuma ya nini?

Mamy, mke wa Théogène, alikuwa amekaa kwenye kiti akipaka kucha rangi. Mamy alikulia Goma. Ulimi wake ulikuwa na asali, na ndani ya asali mlikuwa na nyuki.

“Mama yangu mupenzi,” akasema, “ile baridi ya ziwa itakuuwa.”

“Baridi? Mimi nilizaliwa hapa juu, binti yangu. Baridi njo ilinikata kitovu.”

Théogène alicheka. Mamy hakucheka.

“Na pirogi, ule mutumbwi wa kutuvusha? Iko ndogo, mama. Na weye, tusikufiche, Mungu alikupatia mwili.”

“Nitapanda na mizigo, mu ile ya pili. Fromaji hazitalalamika.”

“Na tente ya kulala iko ya watu wawili.”

“Nitalala ku mulango wake. Nilishalala pabaya kushinda pale.”

Mamy alipuliza kucha zake. “Mama yako iko na jibu ya kila kitu,” akamwambia mume wake, kana kwamba mzee hayupo. “Umupeleke basi. Atakamulia ndege.”

Théogène alikuwa akifuta kioo cha aparei kwa kitambaa laini. Alifuta tu. Kioo kilikuwa safi tangu zamani. Thacienne aliona, akasema moyoni kwamba mtoto wake yuko na mawazo ya kazi.

Siku chache baadaye simu ya Théogène ililia, ujumbe wa Papa Habineza. Thacienne alikuwa amepiga magoti mbele ya mbabula, anapepea makaa. Théogène akausoma kwa sauti:

“Ndugu wapiga picha, musikose kisiwa hiki. Njo bariyeri yenyewe ya ule upande wa ziwa. Bila ile bariyeri, mawimbi yangevunja mitumbwi yote ya bandari.”

Upepeo ulisimama.

“Bariyeri?” akasema Thacienne. “Kule kuko bariyeri?”

Mtu yeyote wa kwetu angesikia vile. Kwetu bariyeri ni kamba iliyokatishwa njiani, na vijana wenye bunduki wamekaa pembeni, na wewe unashuka. Hatujui nyingine. Théogène akafungua kinywa amweleze kwamba ni mchanga tu, mchanga unaozuia maji. Lakini Mamy alimtangulia.

“Njo vile, mama,” akasema polepole. “Tulikuwa tunakuficha. Kuko bariyeri. Kubwa.”

Thacienne alimtazama mtoto wake. Théogène alitazama simu. Kinywa kilichokuwa kimefunguka kikafungwa.

Sasa lazima nikuambie kwa nini upepeo wa Thacienne ulisimama. Zamani, Théogène akiwa bado wa kubebwa mgongoni, yeye na mume wake Kayitare walipanda lori kwenda kuuza fromaji Mpofi, kule Walikale. Kabla ya kufika walikuta bariyeri, mwanzi mmoja umelazwa juu ya bidoni mbili tupu za mafuta. Wale vijana walimshusha Kayitare na kumlaza chini, bunduki ku shingo. Mmoja wao, mwenye kofia ya sufu, akamwambia Thacienne: “Weye muchunga ng'ombe, tuonyeshe ng'ombe analia namna gani. Ukilia muzuri, bwana yako anapanda.”

Thacienne alitia mikono katika matope. Alizunguka lori lote kwa magoti na mikono, mtoto mgongoni, akilia kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Walimwambia arudie. Akarudia. Walimwambia ale majani, akala. Walipochoka kucheka walimwachilia Kayitare, wakabaki na fromaji.

Katika lori mlikuwa na watu wa Bihambwe. Habari ilifika nyumbani mbele yao. Kayitare, ambaye zamani alimsifu mke wake kwamba ana macho ya mtamba, na kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo, hakumsifu tena mpaka kifua kilipomuua. Na Théogène alipoanza masomo, watoto walimlilia “muuu” kila alipoitwa ubaoni. Siku moja alirudi na midomo imepasuka. Mama yake alimwosha kwa maji ya chumvi, wala hakumwuliza.

Mamy alijua habari ile yote. Mume wake ndiye aliyemsimulia, siku za uchumba, siku ambazo watu husimuliana kila kitu.

Na kuanzia hapo hakuacha kitu kipoe. Akisonga bugali atasema: “Inaonekana wale wa kule ku kisiwa hawapende wazee.” Akianika nguo: “Inaonekana wanashusha kwanza wamama.” Siku nyingine alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akasema kwa sauti ya huruma: “Mama, mimi ningekuwa weye ningebaki. Magoti yako sasa hayana tena nguvu ya ile mambo.”

Thacienne alikuwa akichuja maziwa. Hayakumwagika hata tone. Aliyamaliza, akafunika chungu, akaenda kwa ng'ombe wake aliyebaki, akaweka paji la uso kwenye ubavu wake wa moto, akakaa hapo.

Mamy na Théogène waliona kwamba haulizi tena kitu, wakahesabu kwamba amekubali kubaki. Mamy aliimba siku hizo. Walipanga mbele yake bila kumficha tena: nani atabeba sufuria, hema litafunguliwa kuelekea wapi, Mamy atavaa nguo gani akipigwa picha juu ya mchanga. Hakuna aliyemwuliza kitu. Hakuna aliyemkataza kufunga mzigo, kwa sababu waliona ni jambo la kuchekesha, mzee anafunga, anafungua, anafunga.

Lakini Thacienne hakuwa anafikiri wanachofikiri. Alikuwa anapiga hesabu yake polepole. Mtoto wangu anaenda kwenye bariyeri. Ana aparei shingoni, na wenye bunduki wanachukia aparei kuliko vyote. Watamlaza chini. Nani atamwombea? Mamy? Mamy ataharibu kucha zake? Hapana. Furaha ya kuona ziwa alikwisha kuitoa moyoni. Hii ilikuwa kazi nyingine, na kazi hii alikuwa anaijua.

Asubuhi ya safari gari la Papa Habineza lilishuka mpaka uani, jipya, jeupe, na vioo vyeusi. Ndani mlikuwa na wapiga picha wa Goma, vijana wenye makoti ya mifuko mingi. Papa Habineza mwenyewe aliteremka, mtu mnene, mcheshi, akasalimia kwa mikono miwili. Théogène alikuwa anafunga hema juu ya gari.

Thacienne akatoka. Alikuwa amevaa magauni mawili, moja juu ya jingine, maana bariyeri inaweza kukuvua moja. Karta yake ya uchaguzi, ile ya kuonyesha askari njiani, ilikuwa mkononi, imefungwa katika plastiki. Kichwani kikapu cha fromaji.

“Mama, unaenda wapi?” Mamy akauliza, na asali yote ilikuwa imekauka.

“Naenda na mutoto wangu.”

“Karibu, Mama!” Papa Habineza akasema. “Nafasi iko. Na hizi fromaji, ni zetu?”

“Hapana, Papa. Tusizikate. Ni za watu wa bariyeri.”

“Bariyeri gani?”

“Ile ya ku kisiwa. Waliniambia.” Thacienne akateremsha kikapu chini, kwa uangalifu, akamkaribia ili amweleze vizuri, kama mtu anayempangia mwenzake kazi. “Musiogope, Papa. Muniache mimi nishuke wa kwanza. Wakikamata mutoto wangu, nitapiga magoti, nitalia kama ng'ombe. Nilishalia, kule ku njia ya Mpofi, na baba yake alipona. Nikilia wanacheka, na mutu mwenye kucheka hapige risasi. Magoti yangu bado iko na nguvu, hata kama Mamy anasema hapana.”

Ndani ya gari kijana mmoja alianza kucheka, akafikiri ni mchezo. Mwingine akamsukuma kwa kiwiko, naye akashindwa, akacheka pia.

“Mama,” Papa Habineza akasema, bado anatabasamu, “kule hakuna hata askari mumoja. Bariyeri ni kusema mchanga tu! Mchanga unazuia mawimbi. Nani alikuambia…?”

Alimtazama Mamy, halafu akamtazama Théogène juu ya gari, na lile tabasamu likamwisha usoni.

“Uzee, Papa,” Mamy akasema haraka. “Anachanganya mambo. Tuende, jua linapanda.”

Thacienne alisimama na karta yake mkononi, magauni mawili yanamzidishia joto. Mchanga. Alilirudia neno hilo midomoni bila sauti. Kisha akaja mpaka kando ya gurudumu, akainua uso.

“Théogène.”

Théogène alikaza kamba iliyokuwa imekwisha kukazwa.

“Ulijua?”

Akaivuta tena kamba ileile.

“Mutoto wangu, sina hasira. Ungesema tu ‘baki’, ningebaki. Ningewapikia hata sombe ya njiani. Kwa nini muliniacha nikae siku zote hizi mu ile matope ya Mpofi? Shuka uniangalie. Uniambie kwa kinywa chako, si kinywa cha muke wako. Ulitaka nini?”

Dereva aligusa honi kidogo, Papa Habineza akamfanyia ishara anyamaze. Théogène alishuka. Alikuwa mkubwa kuliko mama yake kwa kichwa kizima, lakini alisimama kama anayeitwa ubaoni. Aliwatazama watu wa Goma, ambao sasa walikwisha kusikia yote, akaona kwamba hakuna tena cha kulinda. Sauti ilimtoka nyembamba.

“Nilitaka usikuje, mama. Si baridi, si pirogi. Nilitaka watu hawa wanijue mimi, na wasikuone weye hata siku moja.”