Taa za Siku ya Bendera

Shangazi yangu ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye nchi nzima ilimchezea ngoma siku ya msiba wake. Mumewe, ambaye watu walimwita Waya kwa wembamba wake na kwa kazi yake, alikuwa fundi umeme. Siku bendera yetu ilipopandishwa mara ya kwanza, yeye alikuwa juu ya nguzo uwanjani, akifunga taa za rangi. Taa zikawaka, bendera ikapanda, watu wakashangilia, Waya akaanguka. Waliokuwa mbali walidhani ni sehemu ya sherehe.

Tangu hapo, kila mwaka tarehe ile ilikuja na matarumbeta yake, na taa za rangi kutoka posta mpaka chini ya dirisha la shangazi. Sisi ndugu tulijazana sebuleni kwake, maana ni sikukuu na kazi zimefungwa, tukinong'ona kama wezi wanaogawana. Yeye hakukaa nasi. Alivuta kigoda dirishani akatupa mgongo, na kioo kikatuonyesha uso wake, mara mwekundu, mara wa kijani. Halii. Nikajiambia machozi yamemwishia.

Basi serikali ikaunda tume ya kuuliza wananchi sikukuu iwe siku ipi. Wasomi walikuwa wamegundua kwamba nchi ilianza kuwa nchi siku mkataba uliposainiwa, wala si siku ya bendera, na kati ya siku hizo mbili mvua zilikuja zikaisha. Redio zikachachamaa. Kwenye karakana yangu ya kuchomelea mageti, watu walikuja kuulizia bawaba wakaishia kushikana mashati.

"Mtoto huhesabiwa tangu alipozaliwa," alisema seremala wa jirani, "si tangu wazazi wake walipoandikishana."

"Wewe ulitangulia kuzaliwa, wao wakafuata kuandikishana. Lazima useme hivyo," nikamjibu.

Mzaha ulikuwa wa mdomoni tu. Moyoni niliona mlango umefunguka. Maisha yaliponichapa mpaka nikawa nalala juu ya mageti ya watu, shangazi ndiye aliyenipa godoro, sahani, na matusi ya kunitosha. Sasa na mimi nimfanyie jambo: sikukuu ihamishwe, aomboleze kwa utulivu kama binadamu wengine. Nikauzunguka mtaa. Muuza mkaa, mshonaji, mama wa saluni, wote nikawapanga: tume ikija, semeni mkataba. Hata seremala alikubali, kwa ahadi ya kitasa.

Shangazi mwenyewe sikumwambia. Nani humuuliza mgonjwa kama anataka kupona?

Siku ya tume, ukumbi ulikuwa na joto la usingizi. Feni zilizunguka pole pole, na sauti za watu zikawa kama zinatoka chini ya maji. Mwenyekiti, mzee ambaye miwani ilimteleza mpaka nchani mwa pua, alisinzia kwa heshima zote. Watu wangu wakasimama mmoja mmoja: mkataba, mkataba. Mshonaji akaongeza na kilio, ambacho hatukupatana.

"Tumhurumie mjane wetu," alisema.

Shangazi, aliyekaa kando yangu akijipepea na leso, akanigeukia.

"Mjane yupi?"

"Ni wewe, shangazi."

"Na nani kawatuma?"

Nikatazama feni.

Akasimama. Hakupaza sauti, ukumbi ndio ulioshuka mpaka alipo.

"Mwenyekiti, mimi ndiye huyo wanayemhurumia. Taa za siku ile zilifungwa na mume wangu. Kila mwaka zikiwaka najiambia, haya, huyo kaingia kazini. Nakaa dirishani namwangalia. Anaanzia posta, anakuja, anakuja, mpaka hapo chini kwangu. Asubuhi wakizizima nanawa uso, naendelea na mwaka wangu. Sasa mkiihamisha siku, sijui atajuaje."

"Atajuaje nini, mama?" akauliza mwenyekiti, usingizi umemruka.

"Pa kuja."

Akakaa. Zamu ikawa yangu. Mimi niliyepanga mtaa mzima nikasimama nikasema bendera, na seremala akanitazama kama mtu anayeona kitasa chake kikiota mbawa.

Njiani nilijaribu. "Shangazi, mimi nilidhani..."

"Ulidhani. Mdomo unao, ungeuliza."

Tume ikachagua mkataba. Watu wangu walikuwa wengi mno. Katika maisha yangu yote sijawahi kupanga jambo likapangika namna ile.

Tarehe ya zamani ilipofika ikawa siku ya kazi kama nyingine. Jioni nikazima mashine, geti la mtu likiwa limechomelewa nusu.

"Nina sikukuu," nikamwambia mwenye geti.

"Sikukuu si imeshapita?"

"Yangu imechelewa."

Nilimkuta shangazi peke yake, ndugu wote wako makazini. Kigoda kilikuwa dirishani.

"Leo huna kazi?"

"Nimefunga."

"Utakufa njaa."

"Njaa tunajuana. Si ndiyo iliyonileta kwako?"

Nikakaa sakafuni, karibu na miguu yake. Giza likaingia taratibu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Barabara haikuwa na rangi yoyote. Kisha watu wakaanza kurudi kutoka makazini. Kule posta dirisha moja likawaka, la manjano hafifu. Likafuata la pili. Ngazi ya mshonaji, saluni, kibaraza cha muuza mkaa. Taa zilikuja upande wetu moja baada ya nyingine, bila haraka, kama kuna mtu anayetembea nyumba kwa nyumba akigusa ukuta. Shangazi akashika nondo za dirisha. Mwishowe ikawaka ya nyumba ya mbele, mwanga ukamgusa mikono.

"Hee," akasema taratibu. "Kumbe sasa wamempa ajira ya kila siku."

Nilitaka kumwomba radhi. Yakatoka mengine.

"Basi akipita, mwambie taa ya karakanani kwangu inapepesa wiki ya pili sasa."

"Mwambie mwenyewe," akasema, na akasogea kunipa nafasi dirishani.