Mpaka Maji Yawe Kama Maziwa

Kinyozi hakuusomea udaktari. Aliuokota njiani, kama mtu anavyookota mafua.

Miaka mitatu nyuma, mbwa wa fundi viatu alipita mbele ya kibanda cha kunyolea akichechemea, na wenye mbwa wengine wamemzunguka. Huyu anasema ni baridi ya mifupa, yule anasema kala mifupa ya kuku. Kinyozi alikuwa ameinama kuokota kitana kilichomponyoka, na akiwa kule chini macho yake yakakutana na wayo wa mbwa. Katikati ya wayo pana mwiba. Akauchomoa kwa kibanio cha nyusi, mbwa akatimua mbio, watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani anaitwa Daktari.

Wakamtia kwenye kundi lao la simu, wenye mbwa thelathini na sita, na maswali yakaanza kumiminika.

"Daktari, wangu anatafuna soli za viatu."

"Mwili wake unadai chumvi," akajibu. Kwa nini chumvi? Hata yeye hakujua. Ilimjia tu, akiwa na povu mkononi.

"Daktari, wangu anabwekea ukuta."

"Mgeuze."

Jibu hilo lilisifiwa wiki nzima.

Na mbwa walipona, maana mbwa wengi ukiwaacha hupona wenyewe, ila hakuna aliyewahi kukishukuru kitendo cha kuwaacha. Mkewe ndiye pekee aliyebaki na akili zake. "Daktari," alikuwa akimwambia, "mwanao anakohoa. Utamwangalia hivihivi, au tumfungie mkia kwanza?"

Mara moja alijaribu kuandika "sijui". Wakamjia juu: Daktari siku hizi ana maringo, Daktari anataka kubembelezwa. Akabembelezwa mpaka akajua.

Basi kupe wakaingia mtaani. Alhamisi kundi zima likawa linapiga picha masikio ya mbwa. Kinyozi akaandika: "Nunueni dawa ya kupe ya kuogeshea. Mimina kidogo kidogo kwenye ndoo ya maji mpaka maji yawe meupe kama maziwa. Mwogeshe, usimsuuze, mwache akauke juani."

Hiyo ya maziwa aliitoa kazini kwake. Kila asubuhi huloweka vitana na vichwa vya mashine kwenye beseni la dawa ya kuua vijidudu, na bosi aliyemfundisha kazi hakuwa na habari ya vijiko. Unamimina huku unatazama, maji yakigeuka meupe, imekolea. Miaka kumi na minne kinyozi alipima kwa jicho na hakuna kichwa kilichoota upele. Akaona dawa ni dawa.

Ijumaa jioni akamwelekeza na Mama Mkunga, jirani wa ukuta wa nyuma, ambaye hakuwa kwenye kundi kwa sababu simu yake ni ya vitufe. Mama huyu alizalisha nusu ya mtaa kabla hajastaafu, mkewe kinyozi akiwemo. Sasa macho yamefifia, watu anawaona kama nguo zilizoanikwa. Anayemtembeza ni mbwa wake, Karani, aliyepewa jina hilo kwa tabia ya kukaa getini na kumkagua kila anayeingia kama anayedai barua ya utambulisho. Karani akiweka bega kwenye goti la kushoto la mama, mama anakwenda sokoni, anakwenda kliniki, anavuka barabara kubwa. Bila Karani hafiki hata kwenye bomba.

"Kesho asubuhi, mama," kinyozi alimwambia juu ya ukuta. "Ukishakunywa chai tu, mwogeshe."

"Haya mwanangu. Mungu akuzidishie."

Jumamosi saa nne kasoro, kitini alikaa muuza dawa za mifugo, mtu mpya mtaani, mnene, mcheshi, ambaye duka lake lilikuwa na mwezi mmoja tu tangu lifunguliwe. Kinyozi alishamaliza upande wa kulia wa kichwa na alikuwa anauingia wa kushoto.

"Kaka, wewe unakaa na watu hapa," muuza dawa akasema, taulo shingoni. "Hivi huyu daktari wenu wa mbwa ni nani?"

Wembe ukayumba kidogo. "Kwani vipi?"

"Tangu jana wamenimalizia dawa ya kupe. Chupa kumi na moja. Kila nikitaka kumpa mtu kipimo, ananiambia usijisumbue, Daktari kashasema, mpaka iwe kama maziwa." Akacheka mpaka tumbo likatikisa kiti. "Kama maziwa! Dawa ya ng'ombe ile. Kwa mbwa unapima kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Ile ikishakuwa kama maziwa si kuoga tena, ni kuzika."

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Mama mmoja akaniuliza, wewe umesoma wapi? Nikanyamaza. Nimesomea duka."

Kinyozi aliushusha wembe. Kibanda kilikuwa kile kile, hatua nne kwa tatu, kioo mbele, kioo nyuma, na kila alikogeuza macho alijikuta anajitazama.

"Na ikizidi," akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mpira, "mbwa anakuwaje?"

"Analegea. Mate yanamtoka. Anayumba kama katoka kilabuni, halafu analala, na wewe unasema dawa imemkubali. Akisuuzwa mapema kwa maji mengi na sabuni ya kawaida, ananusurika. Ikikaukia mwilini akaanza kujilamba, hapo tena..." Akapuliza hewa mdomoni, fuu. "Mbona umeacha? Malizia kichwa."

Kinyozi alikuwa ameshachukua simu. Akaandika kwenye kundi: "Msitumie dawa ya kupe. Aliyeshamwogesha mbwa amsuuze sasa hivi kwa maji mengi na sabuni. Nilikosea kipimo."

Majibu hayakuchelewa.

"Hahaha, Daktari anatupima leo."

"Daktari hakosei. Simu imeibiwa hii."

"Mwizi, rudisha simu ya watu."

"Wangu nimemwogesha mara mbili ili iingie vizuri. Amelala fofofo. Ubarikiwe Daktari."

Kinyozi akasoma hilo la mwisho mara mbili. Akaandika: "Ni mimi mwenyewe." Fundi viatu akamjibu: "Kama ni wewe, tutumie sauti."

Akamtazama muuza dawa kwenye kioo. Muuza dawa naye alikuwa anamtazama, nusu ya kichwa inang'aa, nusu ina nywele. Kutoka nje asingeweza, simu yake ilikuwa imeisha moto, iko kwenye chaji, na waya haufiki mlangoni. Kwa hiyo akasimama pale pale nyuma ya kiti, akabonyeza, akasema:

"Ni mimi, kinyozi. Ile dawa niliipima kwa jicho. Sikuisomea, na hata nyingine zote sikuzisomea. Wasuuzeni mbwa sasa hivi, tafadhali. Anayelegea apelekwe kwa daktari wa mifugo, yule wa kweli."

Akaachia kidole.

"Kumbe ni wewe," muuza dawa akasema taratibu.

"Ni mimi."

"Na umenishikia wembe shingoni muda wote huu."

"Kuna mama mmoja hayumo kwenye kundi," kinyozi akasema. "Ni hapo nyuma. Alisema baada ya chai."

Muuza dawa akavuta taulo shingoni, akainuka. Wakatoka wote wawili, mmoja na wembe mkononi, mwingine na kichwa cha watu wawili, na vijana wa kijiweni wakajua moja kwa moja ni ugomvi wa bei.

Mama Mkunga alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Ndoo iko kando, na kilichobaki ndani ni cheupe pe. Karani amelazwa juani juu ya gunia, miguu imenyooka, mate yanachuruzika mpaka kwenye saruji.

"Nani hao?" mama akauliza. Karani hakuinua hata sikio. Siku zote ni yeye aliyekuwa wa kwanza kuuliza.

"Ni mimi, mama."

"Ah, mwanangu. Dawa yako ina baraka. Tangu aoge katulia kama mtoto aliyenyonya. Hata nzi hawamsumbui."

Palikuwa na njia rahisi, aliiona wazi kama geti: aseme dawa hiyo husuuzwa baada ya saa moja, ndivyo ilivyo kawaida yake, mama asingejua. Muuza dawa alikuwa anamtazama, lakini naye angenyamaza, si mama yake.

"Mama, nimemdhuru," akasema. "Kipimo nilikisia. Ni sumu. Lazima tumwoshe sasa hivi."

Mama Mkunga akanyoosha mkono hewani. "Bomba liko kushoto. Sabuni dirishani. Mnangoja nini?"

Wakamwosha. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya sita. Muuza dawa akapiga magoti kwenye maji na suruali yake ya Jumamosi, anasugua tumbo na mapaja, huku simu aliyompigia daktari wa mifugo ikiwa imebanwa begani, anarudia maagizo: asilazimishwe kutapika, asilishwe chochote, akaushwe, afunikwe, aletwe. Kinyozi alishika kichwa. Kilikuwa kizito kama tikiti, na jicho moja lilikuwa wazi nusu, linamtazama bila kumkagua.

Muuza dawa akaazima toroli kwa mafundi ujenzi. Karani akawekwa ndani na blanketi.

"Na mimi naenda," mama akasema.

"Mama, ni mbali, utachoka."

"Nimesema naenda. Nipe kiwiko."

Hivyo ndivyo kinyozi alivyomtembeza Mama Mkunga barabara nzima, taratibu mno, kwa sababu hakujua namna ya kumwambia mtu kwamba hapa pana shimo na hapa pana jiwe. Karani alijua. Mara mbili mama alijikwaa, na mara zote mbili alisema "endelea" tu. Kinyozi alitamani atukanwe.

"Kwani hukujua," mama akamuuliza walipofika kona ya mashine ya nafaka, "au ulijua hujui?"

"Nilijua sijui, mama."

"Mimi nilipokuwa sijui, niliandika barua waende hospitali kubwa. Nilikuwa na kalamu nzuri."

Daktari wa mifugo alikuwa dada mwembamba, mikono ya shati imekunjwa. Kabla yao palikuwa na mbwa wawili wa kundi, wamelowa, na wenyewe wamelowa. Ule ujumbe wa sauti ulikuwa umefika. Akamsikiliza Karani moyo, akamchoma sindano, akachukua kadi.

"Dawa nani alipima?"

Wote wakatazama chini. Hata wale wenye mbwa waliolowa walijifanya hawajasikia. Walikuwa tayari kumfichia.

"Mimi," kinyozi akasema.

"Kwa kipimo gani?"

"Kwa jicho."

Yule dada akamtazama, akaandika kwenye kadi kwa herufi kubwa: JICHO. "Kaeni. Akivuka alasiri, amevuka."

Wakakaa kwenye benchi. Chumba kilikuwa na dirisha moja lenye nondo na picha ya ng'ombe aliyekatwakatwa kwa mistari. Kinyozi hakuweza kuondoka, hakuweza hata kukohoa. Kiwiko chake bado kilikuwa mkononi mwa mama, naye hakuthubutu kukitoa. Muuza dawa alisinzia, na kila mwenye mgonjwa aliyeingia alikitazama kwanza kichwa chake halafu akatafuta ni mnyama gani aliyekula nywele za upande mwingine.

Saa tisa na nusu Karani alitikisa mkia mara moja, kwa uvivu. Saa kumi akasimama, akaanguka, akasimama tena, akayumba mpaka kwenye goti la kushoto la mama, akaegemea. Mama akaachia kiwiko.

"Huyu hatembei leo," daktari akasema. "Toroli tena. Na kwa siku tatu asitoke nyumbani."

"Basi kwa siku tatu huyu atakuja kuniteka maji," mama akasema, akimwelekeza kinyozi kidole kwa usahihi wa kushangaza. "Asije na ushauri. Aje na ndoo."

Jioni, alipomaliza ule upande wa kushoto wa muuza dawa, bure, kinyozi aliketi kwenye kiti cha wateja akafungua simu. Ujumbe mia na nne. Mbwa wote walikuwa wameoshwa. Aliyeogeshwa mara mbili ameshakula. Akaanza kusoma akijiandaa kwa matusi.

"Bila Daktari tungezika leo."

"Ameliona tatizo akiwa kazini kwake, mbali, bila hata kumgusa mbwa. Kipaji."

"Na unyenyekevu wake. Mlisikia alivyojishusha kwenye sauti?"

Akaandika: "Ndugu zangu, mimi ni kinyozi. Ni mimi niliyewapa sumu. Maswali yote yapelekwe kwa daktari wa mifugo." Kisha akajitoa kwenye kundi, akaweka simu kifudifudi pajani, akavuta pumzi ndefu.

Hazikupita dakika nne. Simu ikatetemeka. Fundi viatu, msimamizi wa kundi, alikuwa amemrudisha: "Daktari ulijitoa kwa bahati mbaya, nimekurekebishia."

Na chini yake lilikuwepo swali. Mwanamke mmoja ana mtoto wa mbwa wa miezi miwili, hajala tangu asubuhi, anaharisha. Tayari wengine walishaanza kumsaidia: mmoja amesema mafuta ya kupikia, mwingine kasema ashindishwe njaa. Kinyozi akamwona kwa mawazo mwanamke yule akielekea jikoni.

Kunyamaza asingeweza. Akaandika: "Sijui. Usimpe kitu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo."

Wote walikuwa wanasoma. Halafu jibu likaingia.

"Asante sana Daktari. Nimpeleke mara ngapi kwa siku?"