Treni Haisimamishwi

Wanasema Treni ina nguvu kupita kiasi. Wanasema kwenye ukumbi wa parokia, wanasema pale Jeannot anapouza krediti za simu, na juzi kijana mumoja alinisimamisha mimi, mwanamuke wa miaka hamsini na sita, katikati ya barabara na kapu ya samaki kichwani, eti aniulize: "Mama Hadidja, ni wewe uliichora. Ile karata ni haki?" Nikamuambia aende kwanza akamuulize mama yake kama kumusimamisha muntu muzima kwenye jua njo haki. Lakini wale samaki niliwapika bila chumvi, na Ange akajitilia chumvi mezani.

Ange ni musichana wangu, lakini sikumuzaa. Mama yake alikuwa Victorine, mutu wa Kasai, jirani yangu wa parsele moja, kiwanja kimoja karibu na stesheni. Nilimuchukua Ange akiwa na miaka mine. Yeye anaenda misa, mimi ninaenda musikiti, jioni tunakula sahani moja, na sina mutoto mwingine duniani. Ni yeye alifungua kisanduku changu akakuta karata tulizochezea wakati wa vita. Akazichora upya, akazifotokopi kwenye karatasi ngumu, na sasa nusu ya vijana wa Kindu wanazibadilishana: Pirogi mbili kwa Mvua moja, Mvua tatu kwa Barieri. Treni ziko sita tu muji muzima. Hata ukitoa karata kumi na tano, mwenye Treni anakucheka.

Muchezo wenyewe si kitu kigumu. Unakuja na karata zako ishirini, unajenga njia ya karata tano kutoka nyumbani mpaka shambani, mwenzako anakufungia. Mvua inasimamisha baiskeli. Barieri, kizuizi cha askari, inasimamisha pirogi, mutumbwi wa mutoni. Treni haisimamishwi na kitu. Mwenye nayo anapita, basi, imekwisha.

Siku ya Alhamisi Ange alikuja nikiwa ninachambua sombe, majani ya muhogo, akakaa, kwenye magoti daftari la mashindano anayoyasimamia.

"Mama, fainali ni Jumamosi. Wachezaji kumi na mumoja wameandika barua. Wanataka Treni itoke. Wanasema Youssouf ameshinda mara tatu juu ya karata ile tu."

Youssouf ni mutoto wa mudogo wangu Mounira. Ana miaka ishirini na mbili, na majivuno yake hayaingii kwenye nyumba.

"Na wewe unataka nini?" nikamuuliza.

"Mimi sitaki itoke. Mama yangu aliipenda. Si wewe uliniambia alicheka siku ya kwanza alipoiona, akasema hii njo itamuletea baba yangu kutoka Lubumbashi? Lakini mimi ni mutoto wake, watasema ninapendelea. Wewe uliitunga. Sema tu kama ina nguvu kupita kiasi ao hapana. Nitaandika hivyo, maneno yataisha."

Nikasema nitafikiri. Akasema hakuna shida, Mama, fikiria mpaka kesho. Halafu akanisaidia kuchambua sombe, na mimi nikawa ninaangalia vidole vyake, virefu kama vya mama yake, nikitamani ainuke aende zake.

Mimi si muntu wa kuficha maneno, kila mutu wa kartye yetu, mutaa huu, atakuambia. Moja tu njo niliificha.

Mwaka wa 2002 Kindu ilikuwa imefungwa. Waasi walikuwa ndani ya muji, wapiganaji wengine musituni, na mashamba yetu yote yalikuwa ng'ambo ya barieri ya mwisho. Mwanaume akivuka, huku wanasema mupelelezi, kule wanasema mupelelezi. Kwa hiyo wanawake njo walivuka. Katika parsele yetu tulikuwa watatu: mimi, Mounira na Victorine, ambaye bwana yake alikuwa fundi wa reli na alibaki upande wa Katanga toka njia ilipokatika. Kila siku mumoja alipaswa kwenda kutafuta sombe na muhogo za wote. Mwanzoni tulichagua kwa kugombana, mpaka tukawa hatusalimiani. Njo nikakata karata kwenye kartoni ya biskuti za msaada, nikachora na biki. Wakati ule karata zote zilikuwa fungu moja, na mimi nilikuwa ninagawa. Anayeshindwa anavuka. Ugomvi ukaisha siku ile ile, na tulicheza tukicheka, Mungu anisamehe, tulicheka sana.

Kisha Mounira akawa na mimba. Alivuka mara moja na mimba ile, akarudi anatetemeka mpaka meno. Nikamuomba Victorine tumuache mudogo wangu apumuzike. Akanijibu, "Hadidja, mimba si ugonjwa. Mimi niko na Ange, wewe uko na mugongo wako unaouma, kila muntu ana yake. Tucheze." Hakukosea. Ningekuwa yeye, ningejibu vile vile.

Usiku ule ule sikulala, na asubuhi nikachora Treni. Moja tu. Nikaikata pembe kidogo sana, kidole tu kingeweza kuisikia. Kila nilipogawa, Treni ilienda kwa Mounira. Yeye hakujua kitu, alifurahi tu kwamba bahati imemukumbuka. Tukabaki wawili wa kuvuka, mimi na Victorine, na nilijiambia: si na mimi ninaenda? Nilienda mara saba. Yeye alienda mara sita.

Mara ya saba yake, kulikuwa na risasi toka alfajiri upande ule. Sote tulizisikia. Nikagawa, na hata siku ile sikuacha kutafuta ile pembe kwa kidole. Mounira akaweka Treni. Mimi nikapita na baiskeli. Victorine akaangalia ile Treni muda murefu, akasema, "Treni yenu hii inajua nyumba moja tu." Akatabasamu, akafunga kitenge, akaniwekea Ange mikononi. Mpaka leo sijui kama alisema vile kwa kutania ao alikuwa amejua. Hakurudi. Wanawake wa kartye nyingine walimukuta kando ya njia, wakamuzika pale pale, maana barieri ilifungwa siku tisa.

Na Ange akikua, aliponiuliza kwa nini mama yake alivuka siku ya risasi, nilimuambia alijitolea mwenyewe kwa sababu alikuwa na moyo wa simba. Sikumuambia kwamba karata njo zilimutuma.

Ijumaa nilitoka musikiti bila kukumbuka niliomba nini. Nilipanga nitasema: karata ni karata, iacheni. Neno moja tu, na Ange atanikumbatia. Nilimukuta uani amekwisha kuandika tarehe juu ya ukurasa, biki mukononi.

"Ina nguvu kupita kiasi," nikasema.

"Kweli, Mama?"

"Niliifanya vile kwa makusudi."

Akacheka kidogo, akidhani ninatania. Basi nikamuambia yote, nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitanyamaza. Anayeshindwa anavuka. Mimba. Pembe niliyoikata. Nilipofika kwenye maneno ya mama yake, ya Treni na nyumba moja, akafunga daftari.

"Bila pembe ile, nani angeenda?"

"Sijui. Pengine Mounira. Pengine mimi. Pengine bado yeye. Miaka ishirini na mbili ninagawa zile karata kichwani, Ange, na sijui."

"Kwa hiyo hakujitolea."

"Hapana."

"Na Youssouf alikuwa tumboni."

"Miezi mitano."

Akainuka, akavaa viatu, akatoka. Hakubamiza mulango. Ningependa aubamize. Chakula chake nilikifunika mpaka asubuhi, na asubuhi nikakimwaga, na nilijua ninaanza kuishi peke yangu.

Jumamosi nilienda ukumbini kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Walijaa mpaka madirishani. Ange alikuwa mbele, macho yamevimba, sauti imara. Nilikaa mustari wa mwisho. Niliogopa atasimulia yote pale. Mounira alikuwa amekuja kutoka Kalima, amekaa karibu yangu, anakula karanga, anangoja mutoto wake ashinde. Bado hakujua kitu.

"Tumeuliza aliyeitunga," Ange akasema. "Amejibu kwamba Treni ina nguvu kupita kiasi. Kuanzia leo haichezwi."

Wengine wakapiga makofi, wengine wakazomea. Youssouf akasimama na Treni yake mukononi.

"Yaya Ange, dada yangu, usinifanyie hivi. Nilitoa karata kumi na nane kuipata. Mimi nimekosa nini?"

Ange akamuangalia. Nikashika kiti.

"Hujakosa kitu, Youssouf," akasema polepole. "Ile Treni ilikubeba kabla hata hujazaliwa. Kwako inatosha."

Ukumbi muzima ukacheka, na Youssouf pia akacheka, akaweka karata mezani. Mounira akanigonga na kiwiko, "Musichana wako anajua kutania." Nikasema ndiyo.

Youssouf alishindwa njia tatu kwa moja. Watu wakaondoka wakibishana, kama vile soko linavyovunjika. Nilibaki nikikunja viti, kwa sababu sikujua niende wapi. Ange akaja, akachukua ncha ya pili ya benchi, tukaibeba mpaka ukutani. Nilikuwa ninangoja aniambie atahamia kwa nani.

"Kule walikomuzika," akasema, "nikiwa mudogo nilikuomba mara ngapi unipeleke?"

"Mara nyingi."

"Ulikuwa unasema njia imeota majani."

Toka siku ile sijawahi kuvuka pale, hata kwa kutafuta kuni.

"Kesho asubuhi tunaenda," akasema. "Wewe njo utatangulia."

Nikasema ndiyo, nitatangulia.