Suruali za Inchi Mbili

Haya ni kweli tupu, hayajatiwa hata punje ya chumvi, na mwenye shaka akaziulize sharubu za Kapteni. Kapteni mwenyewe hakuwahi kuongoza chombo kikubwa kuliko toroli. Alikuwa mtunza ghala, akastaafu, akajifundisha Perl, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa kitabu kisicho na jalada, kisha akajitangaza mtaalamu kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kumpinga.

Mkewe, fundi cherehani, alimwachia pembe ya meza ya kukatia, naye aweke kompyuta na kumsomea vipimo. Wateja, wengi wao madereva, walituma ujumbe: wa shati "kifua 38", wa suruali "kiuno 32". Programu inase namba, iongeze inchi mbili za nafasi. Kapteni akatega mtego wa mstari mmoja:

kifua (\d+)|kiuno (\d+)

Yaani kifua na namba yake, au kiuno na namba yake. Kila jozi ya mabano ni mfuko wa kutilia namba, naye akaagiza namba itolewe mfuko wa kwanza. Perl ilipoanza kutoa maonyo, aliyazima, kama dereva anayebandika plasta juu ya taa ya mafuta.

Asubuhi mkewe akachungulia kioo cha kompyuta. Mashati yalikuwa sawa. Suruali zote zilisema inchi 2.

"Mume wangu, hawa ni madereva au mijusi?"

"Ni umeme," Kapteni akasema bila kupepesa. "Ukiwa dhaifu, namba kubwa hazipiti kwenye waya."

"Za mashati zilipitaje?"

"Ziliwahi."

"Vipimo nitajisomea kwenye simu. Ila hiyo kitu isipopona kabla ya mchana, pembe yangu naichukua. Nahitaji pa kukatia."

"Kosa likiwa langu, ninyoe sharubu."

Akaketi, jasho likimtoka, akiukodolea macho mtego wake. Mkewe, kwenye cherehani ya kukanyaga, akapapasa mfuko wa aproni. Hakuna. Akapapasa wa pili, akatoa chaki.

"Kumbe ipo. Nilikuwa natafuta mfuko siyo."

Kapteni akarudi kuhesabu mifuko ya mtego wake. Mabano huhesabiwa kutoka kushoto, mstari mzima, hata kama katikati kuna "au". Kiuno kikinaswa, namba huingia mfuko wa pili. Wa kwanza hauna sifuri. Haujatiwa kitu kabisa. Na Perl, ikiambiwa ijumlishe kitu ambacho hakijawahi kuwekwa, hukihesabu sifuri na kuendelea na safari, hasa ikiwa mtaalamu fulani ameiziba mdomo. Sifuri na mbili, ndiyo hiyo suruali ya mjusi.

Akaandika kimyakimya: chukua mfuko wa kwanza kama umetiwa kitu, la sivyo wa pili. Viuno vikarudi kuwa vya watu.

"Imepona," akatangaza. "Umeme umepata nguvu."

Mkewe hakuacha kukanyaga. "Hebu washa taa."

Akabonyeza swichi. Akabonyeza tena.

"Umekatika tangu alfajiri, baba. Ulidhani nakanyaga hii kwa mazoezi? Hiyo yako inakula betri."

Pembe ya meza ilibaki ya Kapteni. Lakini alikalishwa kwenye kigoda, taulo shingoni, na mkewe akaupangusa mkasi taratibu kwa kufaidi.

"Nianze upande upi, mtaalamu?"

"Wa kushoto," Kapteni akasema, macho ameyafumba. "Ila usiishie hapo. Angalia na wa pili."