Chini ya Dirisha la Bi Mwanatabu

“Natoka, mama.”

Nilisema hivyo kila alfajiri, nimesimama chini ya dirisha lililofungwa, kabla sijashuka kwenda kivukoni. Kutoka ndani Bi Mwanatabu alinijibu taratibu: “Haya, toka.” Hapo ndipo miguu yangu ilipokubali kwenda.

Jela ndiyo iliyonitia tabia hiyo. Mwaka na ushee sikupita mlango wowote bila kumwambia askari, na nilipoachiliwa, mwaka mmoja kabla ya uhuru, nikawa naduwaa mbele ya milango iliyo wazi. Si kwamba ilikuwa mingi. Chaani, nilikokaa zamani, walinikataa hata kabla sijabisha. Nikavuka kwenda Likoni, nako kila mwenye nyumba akaniuliza swali lile lile: ulikuwa ukikaa wapi? Nikisema kweli, chumba kilikuwa kimepata mtu jana. Nililala sokoni chini ya meza za samaki, na kazi ya ukuli niliyoahidiwa ilitaka mtu mwenye makazi. Nikaamua nitadanganya.

Nyumba ya Bi Mwanatabu niliifikia jua likiwa utosini. Alikuwa amefiwa na mume, yuko edani, haonekani na mwanamume wa kando. Mambo ya wapangaji aliyashika kaka yake, Aidarus, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Akaniuliza swali lile lile. Jibu nilikuwa nalo mdomoni: nimetoka bara juzi. Kofia nilikuwa nimeivuta mpaka masikioni kuficha kichwa kilichonyolewa.

Ndipo sauti ikatoka dirishani. “Pole, mwanangu, umesimamishwa juani. Suad, mpe maji.”

Hakuna aliyeniita mwana tangu nifungwe. Nikanywa yale maji aliyoniletea mpwa wake, nikavua kofia, nikasema: nilikuwa jela, niliiba majora ya khaki bandarini.

Aidarus akakichukua kikombe mkononi mwangu kwa adabu, akamwambia dada yake kwamba nyumba ya mjane haitiwi mwizi. Sikumlaumu. Nilikuwa nishageuka kwenda zangu.

“Ngoja,” sauti ikasema. “Mimi nami niko ndani. Siku zangu zikisha nitatoka, wala sitaki mtu aniulize nilikuwa wapi. Wewe zako zimekwisha?”

“Zimekwisha, mama.”

“Basi. Aidarus, mpe ufunguo.”

Nimepanga kwingi tangu hapo, na sasa nina nyumba yangu, lakini kila nikiomba dua jina lake hulitaja mwanzo. Uso wangu hakuujua. Alinipa mlango kwa kunisikia tu, kisha akauvumilia ujinga wangu wa kuomba ruhusa, na hata asubuhi moja hakunicheka. Kwa hilo nitamshukuru mpaka kufa.

Eda ikaisha. Asubuhi ile nilikuta dirisha liko wazi na chumba hakina mtu, nikakosa wa kumuaga. Kumbe alikuwa kizingitini, mwanamke mfupi kuliko sauti yake, amejitanda buibui jipya, mkono umeshika mwimo wa mlango. Alikuwa akiitazama njia, na hatua hakupiga. Hali ile niliijua.

“Elkana,” akasema bila kugeuka, “natoka.”

“Haya, mama,” nikamwambia. “Toka.”