Nyumba ya Efraimu Isiyopumua

Nilianza kumdharau Efraimu siku aliponiita "mama mbao" mbele ya vibarua wangu. Alikuwa mstaafu wa ofisi moja Njombe mjini, akaja huku Makambako, Kitandililo, kujenga nyumba kubwa kuliko akili yake. Mimi ndiye niliyempigia kenchi za paa. Nilipomshauri tuache matundu juu ya kuta mbili za mwisho, chini ya paa, hewa iingie huku itokee kule, alicheka mpaka miwani ikamteleza.

"Dorika, huu ni mkoa wa baridi. Unataka kunifugia popo?"

"Popo tunawazuia kwa wavu, mzee. Mabati yako ni meusi, na huko juu unaziba kila upande. Joto litatokea wapi?"

"Kwani wewe umesomea wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Nikaziba.

Oktoba jua likakaza. Nje upepo wa Makambako unaangusha mabango barabarani, lakini sebuleni kwa Efraimu hata pazia halitikisiki. Akanunua feni. Ya kwanza, ya pili, mpaka zikafika sita, zote zikimrushia usoni joto lilelile lililoshuka kutoka darini. Alikaa katikati yake na fulana iliyolowa, huku akiwasimulia wageni ubora wa mabati yake.

Ningemwacha aive humo. Ila alikuwa amemleta mama yake, Bibi Yunis, kutoka Ilembula, anayeugua presha. Siku ya tatu tangu afike, saa nane mchana, bibi alianguka koridoni. Jioni ile Efraimu alinipigia simu.

"Fundi, nasikia una nafasi."

Sikuwa nayo. Nilikwenda kwa ajili ya mama yake. Nilimkuta amelala kwenye mkeka nje, kivulini mwa tangi la maji.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Nyumba hii inanipika. Mwambie anirudishe kwangu."

"Mama amezoea nyumba za nyasi," Efraimu akasema, amesimama juu yetu, mikono kiunoni.

Kumtukana mtu wa aina ile mbele ya mzazi wake nisingeweza, kwa hiyo nikamwekea ngazi kwenye mlango wa dari.

"Kesho saa nane panda ukae humo dakika tano, ndipo tuongee."

Kesho yake, kwa kuwa mama yake alikuwa anamwangalia, alipanda. Hakumaliza hata dakika mbili. Alishuka vumbi limegandana na jasho usoni.

"Huko ni motoni," akasema.

"Na mama yako umemlaza chini yake."

Kwa mara ya kwanza hakuuliza nimesomea wapi.

Nilifanya kazi siku mbili. Nilitoboa kuta zile mbili, nikapigilia wavu. Mbao zilizoziba chini ya ukingo wa paa nikazitoa, nikaweka vipande vyenye nafasi katikati. Feni moja nikaigeuza dirishani iangalie nje, itupe joto jioni, na nikaagiza madirisha ya upande wa kivuli yafunguliwe. Tano nilizizima. Usiku wa pili Bibi Yunis alilala chumbani na kuomba blanketi.

Jumapili wazee wa usharika walikuja kumjulia hali, na bibi akanialika chai. Efraimu aliwatoa nje, akanyoosha kidole juu.

"Matundu yale nimebuni mwenyewe. Mafundi wetu hawa, usipowasimamia hawajui kitu."

Wazee wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Waliporudi ndani, Bibi Yunis, aliyekuwa amesikia yote dirishani, akaweka kikombe chini.

"Efraimu, mimi nilikuwepo. Mshukuru Dorika. Sasa hivi, watu wasikie."

Akakohoa. Akatazama sahani, akatazama mlango.

"Asante," akaiambia sahani.

Nikamwambia karibu, nikaomba niongezewe maandazi.