Kengele ya Vaucerf

Kitabu changu kilikuwa kinaingia mashineni saa nane mchana. Saa sita kasoro dakika tisa nilikuwa nimesimama chini ya ngazi ya mnara wa kanisa la Vaucerf.

Miaka sita nimeandika juu ya mtunzi Velleret na muziki wake wa piano. Sura ya tatu ndiyo uti wa mgongo: ile noti nzito ya mkono wa kushoto, inayorudi mara arobaini, ni kengele ya Vaucerf, kijiji chake, aliyoisikia utotoni. Niliirekodi sauti yake nikiwa uwanjani, nikailinganisha na piano. Zikaoana kabisa. Jana mhariri akaniuliza swali dogo: kengele ina umri gani? Sikujua. Naogopa kwenda juu, sikuwahi kupanda.

"Saa sita kamili inapiga," alisema Bi Léontine, mtunza kanisa. "Siku hizi ni mota. Na ufunguo wa swichi kaondoka nao padri, kaenda kuzika kijiji cha pili."

"Ikinikuta huko juu je?"

"Utashuka kiziwi, mwanangu. Kisha utuandikie kitabu kingine cha muziki!" Akacheka, akaishika ngazi. "Haya, panda! Nyie watu wa Paris mnaogopa hata mbao?"

Nilipanda. Kila kidato kililia. Katikati nilitazama chini, na mkono ukagoma kuachia. Nikaulazimisha.

Kengele ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani, imejaa kinyesi cha njiwa. Nyundo ilikuwa shubiri moja tu kutoka sikioni mwangu. Nikasugua kwa mkono wa koti, herufi zikajitokeza moja moja: NILIBATIZWA MWAKA 1926. MAMA YANGU WA UBATIZO, HORTENSE VELLERET.

Kengele hubatizwa ikiwa mpya, na Hortense ni binti wa Velleret. Muziki ule ni wa mwaka 1891. Baba mtu alikufa 1909.

Mota ikakohoa. Sikumbuki nilivyoshuka, najua tu kwamba nyundo ilipopiga nilikuwa nimebakiza vidato vinne, na meno yalinitetemeka.

"Bi Léontine, kabla ya hii ilikuwepo ipi?"

"Ipi tena? Ya zamani iliyeyushwa wakati wa Mapinduzi ya kumwangusha mfalme, ikawa mizinga. Zaidi ya miaka mia watu hapa waliitwa kwa ngoma. Bibi yangu akisimulia kwamba huyo Hortense alileta piano ya baba yake kwa mkokoteni wa ng'ombe, akampigia msubu kengele, fundi wa kuyeyusha shaba, noti moja, kutwa nzima. 'Nataka inayolia hivi.' Watu wakasema kawehuka."

Nilimpigia simu mhariri, kidole kikikosea namba mara mbili.

"Simamisheni mashine."

"Solenne, karatasi zimeshapangwa! Kuna nini?"

"Kengele ndiyo iliyoiga piano. Mimi niliandika kinyume."

Akauliza, "Ni sura hiyo tu?"

Nikakumbuka sura ya tano, mlio wa kinu cha maji. Ya saba, nyimbo za wafua nguo mtoni. Zote niliziandika hivyohivyo, nimesimama chini, nimetega sikio tu.

"Sijui," nikasema. Juu yangu kengele ilikuwa bado inavuma.